Goti Langu na Kile Kiti cha Heshima

Nianze na waliokuwepo, msije mkasema nimejitungia. Tulikuwa Buffalo, huku Amerika, kanisani kwetu, chumba cha chini, Jumamosi ya wamama. Alikuwepo Mama Sifa, kiongozi wetu, ambaye mimi na yeye tulishuka Louisville kwenye ndege moja, yeye na watoto wanne, mimi na wawili. Alikuwepo Mama Riziki wa Cheektowaga, mdogo wake Mama Sifa, tumbo moja. Alikuwepo Mama Chantal, Mrundi, jirani yangu hapa mtaani Black Rock. Alikuwepo Espérance, mke wa mwanangu Byamungu. Huyo alikaa karibu na mlango kwa sababu alijua nitamtaja. Na alikuwepo Kemunto, yule Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, kazi yake ni kuwafundisha wenye viungo vibovu kutembea tena. Kemunto si wa kikundi chetu, nilimwalika mimi. Binti yangu Furaha alisikiliza kutoka Columbus, simu ikiwa mezani juu ya Biblia ya Mama Sifa.

Niliyoyasema siku ile, Mama Sifa ameniomba niyaandike ili wamama wa Louisville na wa Columbus nao wasome. Shule mimi niliishia darasa la tatu. Herufi zangu mtazivumilia.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mtu wa kubeba. Kule kwetu, milimani Kivu ya Kusini, mwanamke anaweka mzigo mgongoni na kamba inapita kwenye paji la uso. Nimebeba mihogo, nimebeba kuni, nimebeba mchanga wa watu waliokuwa wanajenga. Nilipanda na kushuka mlima na goti halikuniambia neno hata moja. Kwa hiyo nilipofika Louisville nikapewa kazi kwenye dobi kubwa, ile inayofua mashuka ya hospitali, nilicheka. Mashuka tu? Haya.

Bon. Shuka lililolowa mnalijua uzito wake. Mashine ilikuwa kulia kwangu, toroli kushoto. Nasimama juu ya sementi, nanyanyua, nazungusha kiuno, natupa. Nanyanyua, nazungusha, natupa. Nyayo haziondoki, mwili wote unajipindia juu ya goti la kulia. Miaka sita, ndugu zangu, saa kumi kwa siku, mzunguko uleule, upande uleule. Mlimani mzigo ulikuwa mkubwa lakini nilikuwa natembea, napumzika njiani, nakaa na wenzangu kwenye jiwe. Kwenye dobi hakukuwa na jiwe.

Mwanangu Byamungu aliponunua nyumba hapa Black Rock akasema, Mama, njoo, kazi imetosha. Nikaja. Na hapo goti, lililokuwa linanung'unika tu, likaanza kupiga kelele. Asubuhi halikunjuki. Nikishuka ngazi ya mbele ya nyumba naona nyota mchana.

Daktari akapiga picha ya mifupa. Akatueleza kwamba juu ya vichwa vya mifupa, pale inapokutana, kuna gegedu. Mnalijua, ni kile kitu cheupe laini mnachotafuna kwenye mguu wa kuku. Langu upande wa ndani limekuwa jembamba. Akasema pia nifanye mazoezi, akatoa karatasi ndefu. Mwanangu anajua Kiingereza kuliko mimi. Alisoma mstari mmoja wa ile karatasi, ule wa kuchakaa, akaikunja.

"Mama," akaniambia kwenye gari, "goti ni kama tairi. Kilomita zake zinahesabiwa. Zilizobaki usizimalize bure."

Byamungu anatengeneza magari, ndiyo maana. Na mimi nilimwamini. Iliniingia akilini kabisa.

Wiki ileile akaleta kiti. Wale waliokuja kwangu wanakijua: kikubwa, cha ngozi, ukibonyeza pembeni kinakunyanyua miguu kama malkia. Kikawekwa dirishani. Kuanzia siku ile mimi sikusimama tena bila sababu. Bukari, ule ugali wetu, inaletwa mapajani. Maji ya kunawa yanaletwa. Viatu navalishwa. Nikijaribu kuokota kijiko kilichoanguka, nyumba nzima inapiga kelele: "Koko, ukae!" Koko kwetu ni bibi.

Na watu walisifu. Mama Riziki, ulisema mwenyewe: watoto kama hawa hawako tena Amerika. Sisi kwetu mamamkwe akishika sahani chafu, aibu ni ya mkwe. Espérance alikuwa anatoka kazini kwenye kiwanda, miguu imemvimba, na bado anapiga magoti kunivua viatu. Nami niwe mkweli mbele yenu: nilikipenda kile kiti. Nilijiambia, umebeba maisha yote, sasa ubebwe.

Nikakaa miezi minane.

Goti likawa baya zaidi. Mapaja yakakonda, na tumbo likaongezeka mpaka sketi zikanibana kiunoni. Kwenda chooni ikawa safari. Na kila goti lilipozidi, sisi tulisema, mnaona? Akae zaidi.

Siku moja mchana Furaha akapiga simu. Wengi wenu mnajua kwamba binti yangu alipoteza mimba mbili. Akasema, "Mama, hii imekaa. Imepita mwezi wa nne. Wamesikia moyo." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Utakuja kuniosha?"

Ninyi wamama mnajua anaomba nini. Binti akizaa, mama yake ndiye anayekuja. Anamkanda, anaosha mtoto, anampikia uji, anamshikia mtoto alale. Asiyekuwa na mama wa kufanya hivyo anaonewa huruma na kila mtu. Furaha alikuwa na mama, mzima, saa tano tu kwa gari.

"Nitakuja hata kwa kutambaa!" nikamjibu. Nikasimama nipige vigelegele.

Goti halikuwepo. Sijui niseme vipi. Niliweka mguu na pale palikuwa hamna kitu. Nilianguka kati ya kiti na meza, bega likagonga ukuta, simu ikaruka. Nikawa nimelala namsikia mtoto wangu kwenye simu: "Mama? Mama? Mama!" Na mimi sauti haitoki. Espérance alikuja mbio, mikono ina unga hadi viwiko. Hakuweza kuninyanyua peke yake, ikabidi aite Mama Chantal. Chantal, Mungu akukumbuke, ulikuja na sabuni kichwani.

Sikuvunjika. Lakini jioni ile mwanangu aliporudi, nilimsikia jikoni akizungumza na dada yake kwa simu. Alidhani nimelala. Akasema, "Furaha, tafuta mutu mwingine. Wewe unakaa gorofa ya tatu, hakuna lifti. Mama hawezi. Donc, usimwambie kitu, asiumie."

Ndugu zangu, njaa naijua, na vita naijua. Ile sentensi ya mwanangu iliniingia mahali ambapo vita haikufika.

Asubuhi nikamwambia Espérance anipeleke kwa hao wa mazoezi, wale wa kwenye karatasi iliyokunjwa. Ndipo nikakutana na Kemunto.

Alinikalisha kwenye kiti cha kawaida. "Shosh," akaniita, ndivyo Wakenya wanavyomwita bibi, "simama bila kushika na mikono."

Nikajaribu, sikuweza. Nikajaribu tena mpaka jasho likatoka, makalio hayakuachana na kiti. Nikaanza kulia.

Yeye hakunipa pole. Aliniuliza, "Nani alikuambia ukae?"

"Goti limekwisha kama tairi. Mwanangu amesema nilihifadhi."

"Tairi ni mpira uliokufa, Shosh. Hii goti yako iko hai, inakula. Na iko na njaa." Akachukua sifongo ya kuoshea vyombo, akaitia kwenye bakuli la maji. "Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake inapata hivi." Akaikamua sifongo, akaiachia, ikanyonya maji. Akaikamua, akaiachia. "Ukikanyaga, inatoa uchafu. Ukiachia, inakunywa. Usipokanyaga miezi minane, itakunywa saa ngapi?"

"Lakini ni uzito ulioniharibu! Mashuka!"

"Mashuka yalikuharibu kwa sababu ulikuwa unajipinda upande mmoja, siku nzima, bila kuachia. Sifongo ukiikamua tu hainywi. Na ukiiweka tu kwenye jua, inakuwaje?"

Nikamwambia inakauka, inapasuka.

"Sawa sawa. Na mapaja ndiyo yanabeba nusu ya kazi, sasa umeyaacha yakaisha, kazi yote imerudi kwa goti. Huyo mjukuu anazaliwa lini?"

Tukahesabu. Tulikuwa na miezi minne na nusu.

Aliniambia wazi: gegedu lililokonda halitarudi kuwa la msichana. Tunachotafuta ni mapaja yenye nguvu, goti lililozoea mzigo kidogo kidogo, na kupungua kilo chache. Uchungu kidogo wakati wa kazi haudhuru. Ila kesho yake asubuhi goti likiwa limevimba kuliko jana, ujue ulizidisha, punguza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na aliniambia niirudie mpaka nikaijua kwa moyo.

Nikaanza kusimama kutoka kwenye kitanda, nimekalia mito miwili ili niwe juu. Mara tano. Wiki iliyofuata mto mmoja. Nikazunguka meza. Nikaosha sahani.

Hapo vita ikahamia nyumbani. Byamungu alinikuta naosha sufuria, akaninyang'anya mikononi.

"Mama, ulibeba kuni, ukabeba sisi, ukabeba mashuka ya wazungu. Umemaliza kubeba! Mimi ndiye nasema."

"Wewe ulisoma mstari mmoja," nikamwambia.

Alitoka akafunga mlango kwa nguvu. Siku mbili hatukusemezana.

Na mmoja wetu, simtaji, yuko hapa na anajijua, alinipita nikiwa uani natembea na beseni la nguo. Jumapili ikawa habari: Espérance amemgeuza mamamkwe kuwa boyi. Espérance alirudi kutoka kanisani macho mekundu.

"Mama, batu banasema nakutumikisha. Wamefikisha mpaka kwa mama yangu kule Louisville. Mimi nitaweka uso wapi?"

Nilimhurumia. Nilimwambia, "Mwanangu, heshima yako naijua. Lakini ukininyima beseni, Furaha atazaa bila mama."

Alitoboatoboa kwa kidole unga uliokuwa mezani. Halafu akasema, "Basi tutafunga pazia."

Ndivyo tulivyofanya, ndugu zangu, chekeni mkitaka. Pazia linafungwa, Koko anapanda na kushuka ngazi ya ndani, mguu mzuri ukitangulia kupanda, mbaya ukitangulia kushuka, mkono kwenye reli. Espérance anahesabu huku anakata sombe, majani ya mihogo. Mtu akigonga mlango, "Mama, haraka, kiti!" Na mimi mbio kwenye kiti cha ngozi, nanyanyua miguu, nahema, nasema, "Karibu, mimi niko tu nimekaa." Kemunto alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema hayo ndiyo mazoezi bora kuliko yote aliyonipa.

Mwezi wa tatu nikawa nasimama mara kumi bila mikono. Na kiburi kikanipanda kichwani.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Wamama wa Kivu tuliamua kuingiza sadaka kwa mtindo wa nyumbani, mgongoni, na kamba kwenye paji la uso. Wengine walibeba vikapu vya maboga. Mimi nikaona gunia la mchele, kilo zaidi ya ishirini. Nikasema, nitieni hilo. Mama Sifa akanikataza. Nikamwambia, "Mimi nimebeba kabla hujazaliwa," na yeye ananizidi miaka miwili! Nikaingia na gunia, kanisa zima likasimama, vigelegele, watoto wanapiga picha. Nilipiga hata hatua tatu za kucheza.

Kesho yake goti lilikuwa kama boga lenyewe. Halikunji, halikunjuki, lina moto. Na kwa Furaha kulibaki wiki tano.

Byamungu alikuja akasimama mbele yangu. Hakufoka, na ningependa angefoka. Alisema tu, "Nitampigia Furaha." Akakisogeza kile kiti karibu na kitanda.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilikitazama kile kiti na nilitaka kukaa. Nilijiona mjinga. Nikajiuliza kama mwanangu hakuwa sahihi tangu mwanzo. Nilishika kiti kwa mkono. Ndipo nikamwambia Espérance, "Mpigie yule Mkenya kwanza."

Kemunto aliniuliza maswali mawili. "Wiki iliyopita ulikuwa unabeba kilo ngapi?"

"Mbili."

"Na Jumapili?"

"Gunia la mchele."

"Goti haijavunjika, imekasirika," akasema. "Ungenywa dawa ya mwezi mzima siku moja? Uzito ni dawa, Shosh, unapandishwa kidogo kidogo. Leo na kesho tembea ndani tu, weka barafu. Halafu unarudi nyuma hatua mbili. Kwenye kiti usirudi."

Byamungu alikuwa anasikiliza, simu ilikuwa wazi. Akauliza, kwa Kiswahili cha heshima kabisa, "Dada, kwa hiyo hata sasa amevimba, atembee?"

"Atembee, kaka. Kidogo. Na wewe mwache aoshe sufuria."

Jioni yake kiti kilikuwa kimerudi dirishani.

Uvimbe ulichukua siku tisa kushuka. Nikaanza upya, kwa aibu, na mara hii sikuruka hata hatua moja. Kemunto aliniuliza mtoto mchanga ana kilo ngapi. Nikasema tatu, labda na nusu. Tukapima maharagwe: kilo moja kwenye mfuko, nikajifunga kifuani kwa kitenge, karibu na mwili, nikapanda ngazi. Siku kadhaa nikiangalia goti asubuhi. Kisha mbili. Kisha tatu. Wiki ya mwisho nilikuwa napanda na kilo nne, na asubuhi goti lilikuwa la kawaida.

Byamungu mwenyewe alinipeleka Columbus. Kila baada ya saa moja nilimwambia asimame, nishuke, nizunguke gari, maana kukaa sana kunalikaza goti. Hakubisha. Alizunguka gari pamoja nami, mikono mfukoni. Akanifikisha, akarudi Buffalo kazini.

Furaha alizaa kwa kupasuliwa. Mtoto wa kiume, mzima. Alitoka hospitali siku ya nne, tukafika kwao, upande wa Westerville, kwenye zile nyumba zenye ngazi za nje, sementi na chuma. Upepo ulikuwa unakata masikio. Mume wake, Amani, akasema, "Mama, ukae kwenye gari na mtoto. Nampandisha Furaha, kisha nawafuata."

Nikakaa. Nikawatazama. Walifika mgeuko wa kwanza, Furaha akashika ukuta, akateleza polepole akakaa chini. Amani akamkumbatia. Nilimwona anageuza kichwa kulia na kushoto, anatafuta mtu. Hakukuwa na mtu. Akamnyanyua mkewe nusunusu, wakaendelea, hatua moja, wanasimama, hatua moja. Wakapotea juu.

Ufunguo wa gari alikuwa nao Amani. Joto likaisha. Mtoto akaanza kulia, kilio chembamba kama cha paka, na mikono yake nilipoigusa ilikuwa baridi. Nikangoja. Amani hakurudi. Nikawaza Furaha amezimia. Nikawaza na mengine, siwezi kuyaandika.

Nikajiuliza swali moja tu: hili ni gunia, au ni maharagwe? Maana niliogopa kile kiburi changu kuliko nilivyoogopa ngazi. Nikajibu: ni maharagwe. Kilo tatu na robo, waliniambia hospitali. Hizo nimeshazibeba.

Nikamtoa kwenye kikapu chake cha gari, kikapu kile kinavuta upande mmoja. Nikamfunga kifuani kwa kitenge, koti juu. Mkono kwenye reli. Mguu wa kushoto. Wa kulia ukafuata.

Mgeuko wa kwanza nilifika vizuri. Kabla ya wa pili, goti likakamata. Likakaza katikati ya ngazi, mguu mmoja juu, mmoja chini, na mtoto wa binti yangu kifuani. Nilisikia moyo wake mdogo, au ulikuwa wangu. Chini yangu sementi tupu. Nilishika reli mpaka vidole vikafa ganzi. Nikarudisha mguu chini, taratibu. Nikakunja goti kidogo, nikakunjua. Nikakunja, nikakunjua. Nikaliachia linywe. Mtoto akanyamaza. Nikaweka tena mguu mzuri, nikapanda.

Nilipokuwa karibu na juu, mlango ukafunguka kwa nguvu, Amani akatoka mbio akataka kunipita. Akaganda.

"Mama! Nani amekupandisha?"

"Unaona mtu mwingine hapa? Toka njiani."

Furaha alikuwa amelala kwenye kochi, uso wa majivu, macho wazi. Alizimia kweli, lakini alikuwa amerudi. Nikafungua koti, nikamwekea mwanawe kifuani. Alinishika mkono hakuuachia. Nilikaa naye wiki sita, nikamkanda, nikamwosha mtoto, nikapika uji. Gorofa ya tatu nilishuka na kupanda kila siku.

Picha ya mifupa nilirudia baadaye. Daktari alisema ni ileile, gegedu halijaongezeka. Baridi ikizidi naumwa bado. Sikuja kuwadanganya. Ila natembea.

Nawashukuru hawa: Kemunto, ambaye hakunipa pole. Chantal, uliyekuja na sabuni kichwani. Mama Sifa, ulinikataza gunia na mimi nikakutukana, unisamehe. Mwanangu Byamungu, aliyenipenda kwa kuninyima kazi, halafu akanipenda kwa kunirudishia. Na Espérance, mkwe wangu, uliyekubali kusemwa vibaya mjini ili mimi nitembee. Wamama, mkimwona mamamkwe wa mtu ameshika beseni, msiende kusema. Muulizeni kwanza limefika kilo ngapi. Na ninyi wa madobi na maghala, geuzeni nyayo kabla ya kiuno, na mkipewa nafasi ya kupumzika, pumzikeni. Wazee wenu msiwafunge kwenye viti. Wapeni kitu kidogo cha kubeba, na kesho yake waangalieni goti.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Mimi nilihesabu ngazi thelathini na tatu, Furaha anasema ni thelathini na sita, na Amani anasema hakuna aliyekuwa na akili ya kuhesabu siku ile. Wamama wa Columbus, ninyi mko karibu. Nendeni mkahesabu, na kama nimekosea hilo au jina la mtu yeyote hapa, mnisahihishe.